Kutoka tundu la koo hadi barakoa ya kitandani

Hadi mwaka 1980, mtu ambaye pumzi ilimkatika usingizini mara mamia kwa usiku mmoja alikuwa na tiba moja tu ya uhakika: kutobolewa koo. Katika maradhi haya misuli ya koo hulegea mtu anapolala, njia ya hewa ikajifunga, oksijeni ikapungua katika damu, na ubongo ukamzindua ghafla ili avute pumzi; kukicha, huwa amechoka kana kwamba hakulala. Wolfgang Kuhlo na wenzake wa Ujerumani waliandika kuhusu upasuaji huo mwaka 1969. Tundu lililotobolewa chini ya koromeo lilikwepa sehemu inayojifunga, na kweli lilifaa. Lakini mgonjwa alibaki na bomba shingoni la kusafisha kila siku na la kuziba mchana ili aweze kusema. Wapo waliokataa.

Mmoja wa waliokataa ndiye aliyefungua njia nyingine. Juni 1980, huko Sydney, Australia, Colin Sullivan alimlaza mgonjwa huyo akiwa na barakoa puani, iliyounganishwa na mashine ya kupuliza hewa. Hewa ile haikumpumulia mgonjwa. Iliitanua tu njia ya koo isijifunge, naye akapumua mwenyewe. Akalala usingizi mzito usiku kucha. Aprili 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa watano, na shinikizo lililotosha lilikuwa dogo, kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji. Mashine za leo, zijulikanazo kwa kifupi CPAP, bado hufanya kazi katika viwango vya jirani na hivyo.

Kwa hiyo, upande wa hewa, kazi ilikwisha mapema. Iliyobaki, na iliyokuwa ndefu zaidi, ni kuifanya hewa hiyo ivumilike nyumbani. Wagonjwa wa mwanzo walibandika barakoa usoni kwa silikoni kila usiku na kuibandua asubuhi, huku mota ikinguruma kando ya kitanda. Mwaka 1985 kampuni ya Respironics ilianza kuuza mashine za namna hii Marekani. Baadaye zikaja barakoa laini zenye mikanda, mota zisizopiga kelele, vyombo vya kuipa hewa joto na unyevu, na mashine zinazojirekebishia shinikizo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichobadilisha kanuni ya Sullivan, ila bila hivi kanuni yenyewe ingeishia hospitalini. Ndiyo maana nashikilia kwamba tiba hii ilikamilika siku ilipokubalika chumbani.

Wapo watakaosema kwamba hata huko chumbani faida yake ina shaka. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha zaidi ya watu 2,700 waliokwishakuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuona kwamba mashine ilipunguza mishtuko ya moyo wala kiharusi. Matokeo hayo ni ya kuheshimiwa, na asiahidiwe mtu zaidi ya yaliyothibitishwa. Lakini washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata hivyo usingizi wa mchana ulipungua na hali ya moyo wa mtu, ile ya furaha na huzuni, ikatengemaa. Wengine hulalamika kwamba mashine haiponyi, kwani ukiivua koo hujifunga tena. Ni kweli, miwani nayo haiponyi macho, na hakuna aliyeitupa kwa sababu hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama na umeme. Tiba iliyohamia nyumbani hurithi hali ya nyumba: umeme ukikatika usiku, na hewa hukatika. Pingamizi hili naona linaipa nguvu hoja yangu. Daktari anayepima koo la mgonjwa asiulize habari za chumba chake, umeme wake na anayelala ubavuni pake, amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo iliyochukua miaka mingi zaidi.