Jinsi ya kuwajibu wanaotafuta vyumba na maduka ya kukodi

MATUU ni mji wa barabarani kati ya Thika na Garissa, na wapangaji wake wengi hutafuta chumba au duka kwa simu kwanza. Mwenye jengo awajibu vipi?

Mosi, ataje bayana kodi, amana, gharama ya maji na stima, na siku ya kuhamia. Bei iwe moja kwa wote.

Pili, asipokee pesa kabla mtu hajakiona chumba. Akipokea, atoe stakabadhi na kuwaarifu wengine kuwa chumba kimechukuliwa.

Tatu, nakala ya kitambulisho aichukue kwa anayehamia pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakataza kukusanya taarifa kupita mahitaji.

Anayeulizia duka ahitaji uangalifu zaidi. Chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, upangaji wa duka usioandikwa hulindwa, sawa na ulioandikwa wa miaka isiyozidi mitano. Kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji kwahitaji ilani rasmi ya angalau miezi miwili, naye aweza kuipinga mbele ya jopo. Aliyemkaribisha mpangaji kwa neno la mdomo hawezi kumfukuza kwa neno la mdomo.