Shanga za Kioo Zilizofika Wagenia

Husemwa mara nyingi kwamba wazee wetu walidanganywa kama watoto: walitoa pembe za ndovu, wakapewa vipande vya kioo. Sisi wa Wagenia, tukaao kando ya maporomoko ya mto hapa Kisangani, yatupasa kuyapima maneno hayo, maana njia ya shanga ilifika mpaka kwetu.

Kioo ni nini? Ni mchanga uliochanganywa na magadi, au majivu ya mimea, pamoja na chokaa, kisha ukayeyushwa katika tanuru kali. Shaba au kobalti hukitia rangi. Mafundi wa Venice, ambao matanuru yao yalihamishiwa Murano mwaka 1291, walivuta kioo laini chenye tundu kikawa mrija mrefu mwembamba, wakaukata vipande vidogo vidogo. Shanga za namna hiyo zilivuka bahari hadi Unguja. Toka Bagamoyo wapagazi wakazichukua, wakapita Tabora na Ujiji mpaka Nyangwe. Stanley alipita maporomoko yetu Januari 1877, na mwaka 1887 Tippu Tip akawekwa kuwa liwali hapa.

Je, wazee walikuwa wajinga? Hata kidogo. Kila nchi ilitaka shanga zake: huku nyekundu ziitwazo samisami, kule nyeupe au za buluu. Msafara ulioleta rangi isiyotakiwa ulilala na njaa, ingawa mizigo imejaa. Mwaka 1874 msafiri Cameron aliona sokoni Ujiji watu wenye mifuko ya shanga ziitwazo sofi. Asubuhi waliwabadilishia wanunuzi. Soko likiisha walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Basi ushanga ulikuwa fedha kweli, kama vile noti ya leo nayo ni karatasi tu. Ubaya haukuwa katika kioo, bali katika bunduki zilizofuata njia ile ile, na wanadamu waliouzwa kama bidhaa.

Siku hizi wataalamu huweza kuuhoji ushanga wenyewe. Huupiga kwa mwali wa leza, ukatoka unga kidogo mno, na mashine ikapima yaliyomo. Hivyo ndivyo walivyochunguza baadhi ya shanga zilizofukuliwa Ile-Ife, nchi ya Nigeria, ambako zilipatikana zaidi ya 12,000. Nyingi zina chokaa nyingi na alumini nyingi pamoja, mchanganyiko usiopatikana katika kioo cha Ulaya wala cha Uarabuni. Maana yake ni kwamba Waafrika wa huko walitengeneza kioo chao wenyewe, kati ya karne ya 11 na ya 15.

Basi, ndugu, ukiokota ushanga wa kale unapolima au unapochimba msingi wa nyumba, usiutupe. Andika mahali ulipouona, na vitu vilivyokuwa karibu nao. Ushanga ulioondolewa mahali pake bila habari ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.