Uhura wa Star Trek

Luteni Uhura ni mhusika wa tamthilia ya Kimarekani Star Trek, iliyobuniwa na Gene Roddenberry na kurushwa na kituo cha NBC kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 3, 1969. Ni afisa mawasiliano wa Enterprise, chombo cha anga cha karne ya 23. Aliigizwa na Nichelle Nichols (1932–2022), aliyekuwa amewahi kuimba na bendi ya Duke Ellington. Kwa masimulizi ya Nichols, siku ya usaili alikuwa ameshika Uhuru, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, na jina la mhusika likatoka humo.

Kabla yake, mwanamke Mweusi katika televisheni ya Marekani alionekana zaidi jikoni mwa watu wengine. Beulah, iliyorushwa na ABC kuanzia 1950 hadi 1953, ilimhusu mtumishi wa nyumbani anayetatua matatizo ya familia ya Kizungu iliyomwajiri. Uhura ana cheo na utaalamu, na hakuna ndani ya chombo anayeshangaa kumkuta pale. Whoopi Goldberg ameeleza kwamba, akiwa mtoto, alipomwona aliwaita wa nyumbani kwao kwa kelele waje kumtazama mwanamke Mweusi ambaye si mtumishi.

Waandishi, hata hivyo, walimnyima la kufanya. Katika vipindi vingi anafungua mawimbi, anapokea ujumbe na kumpasha nahodha, basi. Sare yake, kama ya wanawake wenzake, ni gauni fupi lisiloficha mapaja. Mwanamke mwenye amri alikuwa ameshaondolewa mapema: kipindi cha majaribio, The Cage, kilikuwa na naibu nahodha wa kike aliyeigizwa na Majel Barrett, lakini NBC ilikikataa na mhusika huyo hakuendelea katika tamthilia iliyorushwa. Katika vipindi vyote 79, Uhura hakukabidhiwa chombo hata mara moja. Alikiongoza katika toleo la katuni la 1973, kipindi cha The Lorelei Signal, baada ya wanaume kulogwa. Hata busu lake na Nahodha Kirk, lililorushwa Novemba 22, 1968 na kukumbukwa kama hatua kubwa dhidi ya ubaguzi, katika hadithi yenyewe linatokana na kulazimishwa na viumbe wenye nguvu za ajabu. Hakulichagua yeye.

Kiswahili nacho kiliguswa juu juu. Katika kipindi cha The Man Trap, kiumbe kinachojigeuza kinamjia kwa sura ya mwanamume anayezungumza Kiswahili. Katika The Changeling (1967) mtambo unafuta kumbukumbu zake, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, maneno ya Kiswahili yanamponyoka. Mtazamaji wa Mombasa angesikia lugha yake, lakini asingeambiwa dada huyu ni wa nani wala alilelewa wapi.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Alisimulia kwamba alikutana na Martin Luther King katika hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, naye akamsihi abaki kwa kuwa watazamaji walikuwa wakiwaona Weusi jinsi walivyostahili kuonekana. Akabaki. Mwaka 1977, kupitia kampuni yake Women in Motion, alifanya kazi na NASA kuwahamasisha wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa waombe kuwa wanaanga. Kundi la 1978 lilikuwa na watu 35, sita kati yao wanawake, akiwemo Sally Ride. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani (1992), amemtaja Uhura kuwa miongoni mwa waliomvuta.

Jina lake la kwanza, Nyota, lilisikika kwenye skrini katika filamu ya Star Trek ya 2009, akiigizwa na Zoe Saldaña. Maisha yake yalielezwa kwa kina katika tamthilia ya Star Trek: Strange New Worlds, iliyoanza 2022, akiigizwa na Celia Rose Gooding: ni kijana wa Kenya aliyepoteza wazazi na kaka yake katika ajali, na mwanzoni bado hajaamua kama kazi ya anga inamfaa. Katika kipindi cha pili, Children of the Comet, ni yeye anayegundua kwamba nyota-mkia iliyowanasa yeye na wenzake inaitikia muziki, na kwa kuimba anawatoa.