Majilio: Mwanga uliowashwa kwenye gurudumu la mkokoteni

Kila Desemba inapobisha hodi, wanafunzi wangu wa tafsiri huniletea swali lile lile. Tuseme nini kwa Kiswahili tunapokutana na kadi na hotuba za ng'ambo zinazotaja sikukuu za majira ya baridi? Wapo wanaokimbilia neno kipupwe. Hebu tutue kidogo. Kipupwe kwa watu wa pwani ni msimu wa baridi wa kati ya Juni na Agosti. Anayeandika 'Krismasi ya kipupwe' ameihamishia sikukuu Julai! Desemba kwetu ni kaskazi, jua la utosi, watu wakigombania kivuli cha mwembe.

Nyuma ya swali hili la msamiati kuna swali zito zaidi. Mahubiri na mapambo ya Krismasi yamejaa mwanga unaolishinda giza. Je, ishara hiyo ina maana gani kwa Mkristo wa Lodwar ambaye Desemba hana upungufu wowote wa jua? Au tumeazima taa ya watu tukaiwasha mchana? Wapo wanaoshikilia hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mimi naona historia inatupa jibu tofauti. Nitatumia mfano mmoja: shada la Majilio, yaani lile duara la majani mabichi lenye mishumaa minne ambalo siku hizi utalikuta karibu na altare katika makanisa yetu mengi.

Shada hili si la kale kama wengi wanavyodhani. Lilianzia Hamburg, Ujerumani, kwa mchungaji wa Kilutheri aliyeitwa Johann Hinrich Wichern, mzaliwa wa mwaka wa 1808. Akiwa kijana, Wichern alifundisha Shule ya Jumapili na kuzitembelea familia za walalahoi wa mji huo wa bandari. Aliyoyaona humo yalimkosesha usingizi. Mwaka wa 1833 akafungua viungani mwa mji makao ya watoto waliotelekezwa, yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto waliishi humo kwa vikundi vidogo mfano wa familia, wakasoma na kujifunza kazi za mikono.

Inasimuliwa kwamba watoto hao walikuwa wakimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Bado siku ngapi? Basi katika Majilio ya mwaka wa 1839, Wichern alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipachika mishumaa 24: minne mikubwa meupe ya Jumapili na 20 midogo myekundu ya siku za kawaida. Mwaka huo Majilio yalianza Jumapili, Desemba 1. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, hadi mkesha wa Krismasi gurudumu zima likawaka. Baadaye desturi ikaenea, mishumaa ikapunguzwa ikawa minne, na katika karne ya 20 Wakatoliki nao wakaipokea.

Ni kweli kwamba mahali pana uzito wake. Niliwahi kukaa Hamburg mwezi wa Desemba kwa shughuli za utafiti. Jua lilichomoza mwendo wa saa mbili na nusu asubuhi, likatua saa kumi jioni. Huko hata saa ya Kiswahili inashindwa kazi! Saa yetu imejengwa juu ya usawa wa mchana na usiku: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Kule saa moja asubuhi ni giza totoro. Nilielewa kwa nini watu wale wanathamini mshumaa.

Hata hivyo, baridi haitoshi kulieleza gurudumu la Wichern. Watoto wale waliliona giza la Desemba kila mwaka. Halikuwa jambo geni. Walichokosa ni hakika kwamba yupo anayekuja kwa ajili yao. Kwa mtoto aliyetelekezwa, kungoja ni mateso, kwa kuwa aliwahi kungoja na hakuja mtu. Mishumaa ile ilimfundisha kwamba kuna kungoja kunakofika mwisho, na kwamba mwisho huo unahesabika. Wahenga wetu walilijua hilo bila theluji waliposema: hauchi, hauchi, unakucha.

Isitoshe, mwanga huu katika imani ya Kikristo hautegemei majira ya baridi. Tarehe 25 Desemba tunaikuta Roma katika karne ya 4, na wataalamu hadi leo wanabishana iwapo ilifuata sikukuu ya jua au ilitokana na hesabu ya miezi tisa kutoka Machi 25. Lakini Injili ya Yohana, iliyoandikwa kabla ya hapo, inazungumzia nuru na giza bila kutaja msimu wowote. Msimu ni vazi tu.

Ushahidi mwingine uko hapa kwetu. Ludwig Krapf, Mjerumani wa rika la Wichern, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba mtu yule hakulijua giza kwa sababu tu alikuwa karibu na ikweta. Alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa mwaka wa 1882. Yeye na Wichern walifariki mwaka mmoja, 1881.

Lugha yetu imeyapokea mambo haya kwa ustadi. Majilio limetokana na kitenzi -ja, kikawa -jia, kisha -jilia. Viambishi hivyo vya kutendea vinatuambia kwamba huku si kuja tu. Ni kumjia mtu fulani. Nalo neno nuru, lenye asili ya Kiarabu, tunalitumia Wakristo na Waislamu bila kugombana. Neno mwanga lina utata wake, maana mwanga mwenye wingi wa wanga ni mchawi.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawajibu hivi: mkizungumzia Ulaya, andikeni 'majira ya baridi', mkizungumzia kwetu, semeni Krismasi au Noeli, inatosha. Kisha nawaongezea la pili. Pamba tunazotundika kwenye miti madukani ziigize theluji hazitatupa nuru yoyote. Majilio haya wapo wanaongoja: mgonjwa wodini ambaye hajatembelewa tangu Novemba, kijana mwenye shahada na asiye na kazi, mtoto katika makao ya mayatima anayehesabu siku kama walivyohesabu wale wa Hamburg. Wichern alianza na watoto mwaka wa 1833. Mishumaa ilikuja miaka sita baadaye. Ningependa makanisa yetu yaufuate mpangilio huo huo: kwanza tuwaendee wanaongoja, halafu tuwashe mishumaa.