Jinsi karatasi ilivyoingia kwenye kompyuta

Mwaka 1957, katika maabara za Ofisi ya Taifa ya Viwango mjini Washington, mhandisi wa Kimarekani Russell Kirsch aliifunga picha ndogo kwenye ngoma inayozunguka. Ilikuwa picha ya mwanawe, Walden, mtoto wa miezi mitatu. Taa iliimulika, kitambuzi cha mwanga kikaipima nukta baada ya nukta, na kila nukta ikaingia kwenye kompyuta iliyoitwa SEAC ikiwa nyeusi au nyeupe, bila rangi ya kati. Picha iliyopatikana ilikuwa na nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu, yaani hazikufika 31,000 kwa jumla.

Kirsch hakuridhika na weusi na weupe mtupu. Aliipitisha picha ileile mara kadhaa, kila mara akibadilisha kiwango cha mwanga ambacho mashine ilikihesabu kuwa cheupe, kisha akayaunganisha matokeo. Vivuli vya uso wa mtoto vikaanza kuonekana. Picha hiyo leo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa la Portland, jimbo la Oregon, na mwaka 2003 jarida la Life liliiweka miongoni mwa picha 100 zilizoibadili dunia.

Katika tukio hilo kuna jambo ambalo masimulizi mengi hulipita. Waliounda mashine ya kusomea picha ndio haohao waliokuwa na kompyuta. Hakuna aliyehangaika kujua mashine moja itaielewaje nyingine, kwa sababu wenyewe walizijua zote mbili. Kwa maoni yangu, historia ya skana ya mezani iliyofuata ni historia ya kutafuta maelewano hayo tena baada ya mashine hizo kutengana na kila moja kuwa na mtengenezaji wake. Mambo ya kioo, taa na mota yalitatuliwa mapema. Maelewano ndiyo yaliyochelewa, na hadi leo yanapovunjika skana nzima hutupwa.

Wazo la kuisoma karatasi mstari kwa mstari ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Alexander Bain, fundi saa wa Uskoti, alipata hataza mwaka 1843 ya kifaa cha kunakili maandishi kupitia nyaya za telegrafu, na katika miaka ya 1860 padri wa Kiitaliano, Giovanni Caselli, alifanikisha huduma ya kutuma maandishi na michoro kati ya Paris na Lyon. Huko lakini karatasi ilitoka upande mmoja ikaishia kuwa karatasi upande wa pili.

Kilichoiwezesha skana kukaa juu ya meza ni uvumbuzi wa mwaka 1969. Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, jimbo la New Jersey, walibuni CCD, kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme na kuzipitisha kwa zamu hadi zihesabiwe. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia miaka 40 baadaye, mwaka 2009. Maelfu ya vitambuzi sasa yaliweza kupangwa katika mstari mmoja mwembamba. Karatasi haikulazimika tena kuviringwa kwenye ngoma: ililazwa kifudifudi juu ya kioo, nao mwanga ukapita chini yake.

Mtu aliyeutumia mstari huo kwa kusudi ninaloliheshimu kuliko mengine yote ni mvumbuzi Ray Kurzweil. Tarehe 13 Januari 1976 alionyesha hadharani mashine ya kuwasomea vipofu, aliyoiunda kwa kushirikiana na shirikisho la taifa la vipofu la Marekani. Kitabu kiliwekwa juu ya kioo, skana ikausoma ukurasa, programu ikazitambua herufi za chapa mbalimbali, na sauti ya mashine ikayatamka maneno. Jioni hiyo mtangazaji maarufu wa televisheni, Walter Cronkite, aliiachia mashine hiyo itamke maneno yake ya kuagia watazamaji. Mwanamuziki Stevie Wonder, asiyeona tangu utotoni, alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, akawa rafiki wa Kurzweil. Tukumbuke basi kwamba moja ya skana za kwanza za kulaza karatasi haikutengenezwa kwa ajili ya ofisi. Ilitengenezwa ili mtu asiyeona aweze kusoma barua yake bila kumwomba mwingine amsomee.

Nayo pia ilikuwa na kila kitu ndani yake: kioo, akili na sauti. Matatizo yalikuja skana ilipoanza kuuzwa peke yake.

Mwaka 1985 programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, pamoja na printa ya LaserWriter ya Apple, ilimwezesha mtu kupanga kurasa za gazeti juu ya meza yake. Maandishi yaliingia kwa kibodi. Picha je? Wapo waliotumia Thunderscan, kifaa kilichopachikwa mahali pa utepe wa wino katika printa ya ImageWriter ili printa iliyozoea kuandika igeuke kuwa ya kusoma. Kilifanya kazi, lakini polepole sana. Mwaka 1987 Hewlett-Packard ikaleta ScanJet, skana ya kioo iliyosoma nukta 300 kwa kila inchi. Kipimo hicho cha 300 kilishika mizizi, na hadi sasa ndicho ninachokipendekeza kwa karatasi yoyote yenye maandishi.

Aldus iliona mapema kwamba kila mtengenezaji wa skana alikuwa akihifadhi picha kwa namna yake. Mwaka 1986 ikatoa muundo wa faili unaoitwa TIFF, makusudi ili watengenezaji hao wakubaliane. Toleo la kwanza lilibeba nyeusi na nyeupe tu, maana skana nyingi za mezani za siku hizo hazikuweza zaidi ya hapo. Rangi na vivuli viliongezwa baadaye, na TIFF bado inatumika katika nyaraka za taifa na maktaba kubwa duniani.

Faili lilikuwa limepata suluhu, lakini waya haukuwa umepata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuifunga skana ilikuwa kazi ya fundi hasa. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini ulilazimika kufungua kasha na kuchomeka kadi ya SCSI, iliyounganisha vifaa kwa mnyororo. Kila kifaa kwenye mnyororo huo kilipewa namba yake kati ya 0 na 7, na viwili vikigongana namba, kompyuta iligoma. Mwisho wa mnyororo uliwekwa kizibo maalumu cha umeme, na kikisahaulika, skana ilionekana leo na kutoweka kesho. Skana za bei nafuu zilitumia tundu la printa, kwa hiyo printa ilichomekwa nyuma ya skana, na mara nyingi moja ilipofanya kazi nyingine ilisubiri. Siku nzima ingeweza kuisha kabla ya kupata ukurasa mmoja.

Kubwa zaidi lilikuwa suala la programu. Ukiwa na programu 10 za picha na aina 20 za skana, na kila programu ikatakiwa kuijua kila skana, zinahitajika tafsiri 200. Hakuna kampuni iliyoweza kubeba mzigo huo. Mwaka 1992 kampuni za Aldus, Caere, Kodak, Hewlett-Packard na Logitech zilikaa pamoja zikatoa kanuni za TWAIN. Kuanzia hapo mtengenezaji wa skana aliandika draiva moja tu, yaani programu ya kuiendesha skana yake, na mwenye programu ya picha akaandika upande wake mara moja tu. Tafsiri 200 zikageuka 30. Aliyekuwa akihariri picha katika Photoshop alichagua skana kwenye menyu, dirisha la skana likafunguka palepale, na picha ikaingia. Naliweka tukio hilo sawa na uvumbuzi wa CCD, ingawa hakuna aliyepewa Nobel kwa ajili yake.

USB, iliyotoka mwaka 1996 na kuenea mwishoni mwa muongo huo, ilimaliza habari ya kadi na vizibo. Wakati huohuo ilienea skana nyembamba ya aina ya CIS. Skana ya CCD hutumia vioo vya kuakisi na lenzi kuipunguza sura ya ukurasa hadi itoshe kwenye kitambuzi kidogo. Ya CIS ina vitambuzi vyenye upana wa ukurasa mzima, karibu kabisa na kioo, na taa za LED pembeni. Haihitaji umeme mwingi, hata waya wa USB peke yake unaitosha. Ila haioni mbali. Kitabu kinene kisichogusa kioo pale katikati hutoka na ukungu kwenye mshono, na hapo CCD bado ndiyo bora.

Vitabu vya maelekezo vya kipindi hicho vilikuwa na maonyo mawili ambayo watu waliyaruka wakajuta. La kwanza ni kufuli la usafiri, kitasa kidogo chini au pembeni mwa skana kinachoshikilia kichwa cha kusomea kisicheze njiani. Usipokifungua kabla ya kuwasha, mota husukuma kitu kisichosogea na mashine huunguruma vibaya. La pili ni kuweka programu kwanza, ndipo uchomeke waya, kwa sababu Windows za wakati huo zikikutana na kifaa zisichokijua zilikipa draiva isiyo yake. Kuna na la tatu ambalo nadra liliandikwa kwa herufi kubwa: chini ya ukingo wa kioo kuna utepe mweupe ambao skana huutazama kila inapoanza, ipate kujua weupe ni upi. Vumbi likitua hapo, kila ukurasa hutoka na mstari ulionyooka kuanzia juu hadi chini, na mwenye skana hudhani kwamba imekufa.

Skana nyingi zilikufa kwa sababu nyingine. Windows Vista ya mwaka 2007 ilipofungua njia kwa kompyuta za biti 64 kuingia majumbani, draiva za biti 32 hazikuweza kufanya kazi humo, na watengenezaji wengi hawakuziandika upya kwa skana walizokwisha kuziuza. Mwaka 2019 Apple nayo ikazifungia mlango programu za biti 32 katika macOS Catalina. Mashine zenye kioo safi na taa nzima zikaishia stoo. Inaniuma kuona chombo kizima kikitupwa kwa kukosa draiva. Waliokataa hali hiyo wanastahili kutajwa. Ed Hamrick alianza kuuza programu ya VueScan mwaka 1998, na hadi leo inaendesha maelfu ya aina za skana, nyingi zikiwa zimeachwa na waliozitengeneza. Upande wa Linux, wanaojitolea wa mradi wa SANE wamefanya kazi hiyohiyo bila malipo tangu miaka ya 1990. Mwenye steshenari aliye na skana ya zamani na kompyuta mpya ajaribu hizo kabla ya kununua nyingine.

Mashine mpya, hasa zile zilizounganishwa na printa, nyingi sasa hutumia lugha ya pamoja kupitia Wi-Fi, na kompyuta au simu huziona bila draiva maalumu. Hiyo imekuja wakati Afrika Mashariki inahitaji skana kuliko wakati wowote. Nchini Tanzania, mwombaji wa kazi serikalini hupandisha vyeti vyake kwenye mfumo wa Ajira Portal. Nchini Kenya, mfumo wa ardhi wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 ulianzia Nairobi, baada ya majalada ya karatasi kuingizwa kwenye kompyuta.

Hapa kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 ina nukta 2,480 kwa 3,508, na kwa rangi, kabla ya kubanwa, ni takriban megabaiti 26. Kwa nukta 600 huwa mara nne. Mifumo mingi huweka kikomo kidogo cha ukubwa wa faili, hivyo mhudumu wa steshenari hushusha kipimo hadi 100 ili foleni isogee. Cheti hupokelewa, na faili hilo dogo ndilo pekee ambalo mwenye cheti anabaki nalo. Programu za kutambua herufi, kama Tesseract iliyoanzia Hewlett-Packard mwaka 1985, ikawa huria mwaka 2005 na leo inasoma Kiswahili pia, hufanya vizuri kwenye nukta 300. Kwenye 100 huanza kuchanganya herufi na tarakimu, na namba ya mtihani au ya kiwanja ikisomwa vibaya, anayetafutwa hapatikani. Kwa hiyo mwombe mhudumu akutengenezee mafaili mawili: dogo la kupandisha siku hiyo, na la nukta 300 ulihifadhi pawili, kwenye flashi na kwenye barua pepe yako.