Sherehe ya Kuteremsha Bendera Mpakani Wagah

Utawala wa Waingereza katika Bara Hindi ulikoma katika Agosti 1947, zikazaliwa dola mbili, India na Pakistan. Jimbo la Punjab liligawanywa kwa mpaka uliokatwa na Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwa amekanyaga Bara Hindi kabla ya Julai ya mwaka uo huo. Mpaka huo ulipita kati ya Lahore na Amritsar, miji iliyo mbalimbali kwa kilometa 50 hivi, ukaikata Barabara ya Grand Trunk karibu na kijiji cha Wagah. Upande wa India mahali hapo huitwa Attari.

Tangu mwaka 1959 imekuwa desturi kuteremsha hapo bendera za nchi zote mbili kila jioni kwa sherehe ya kijeshi. Asili yake ni jeshi la Kiingereza, ambamo ngoma au baragumu ilipigwa jua likichwa ili kuwaita askari warudi kambini. Majeshi ya India na Pakistan yalitoka katika jeshi moja la kikoloni, na kila moja liliondoka na mafunzo yale yale. Upande mmoja husimama Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka cha India, katika sare za kaki; upande wa pili Rangers wa Pakistan, katika nguo nyeusi. Wote huvaa vilemba vyenye vishungi vilivyosimama. Hutembea kwa haraka, hukanyaga ardhi kwa vishindo, na huinua mguu hata kiatu kikakaribia paji la uso, huku watazamaji wakishangilia.

Atazamaye juu juu ataona mashindano tu. Walakini shughuli yenyewe haiwezekani ila kwa mapatano. Bendera mbili sharti zishuke kwa mwendo mmoja, isiwepo hata moja iliyo juu ya mwenzake. Kwa hiyo kila askari hulazimika kupima mwendo wake kwa mwendo wa yule anayemkabili. Kwa desturi, mwishoni watu wawili walipeana mikono kwa ufupi, kisha malango yakafungwa.

Lugha nayo yashuhudia ujamaa huo. Wapunjabi wa pande zote mbili hunena lugha moja, ingawa India huiandika kwa hati ya Gurmukhi, na Pakistan kwa hati yenye asili ya Kiarabu. Wapakistani hupaza sauti "Zindabad", yaani idumu, neno la Kiajemi. Wahindi hujibu "Jai Hind", ushindi kwa Hind. Na "Hind" nalo ni tamko la Kiajemi, lililowafikia Waswahili kwa njia ya Kiarabu, wakapata "Uhindi". Chimbuko lake ni "Sindhu", jina la mto Indus, ambao sehemu yake kubwa imo Pakistan.

Katika Aprili 2025, baada ya watu 26 kuuawa Pahalgam, Kashmir, India ilipunguza sherehe: lango lilibaki limefungwa, wala mikono haikupeanwa. Mei yakafuata mapigano ya siku nne. Sherehe iliporudishwa mbele ya watazamaji mwezi huo huo, bendera ziliteremshwa, lakini lango halikufunguliwa. Hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya tendo lililochukua sekunde chache tu. Kwani ndilo lililotangaza kila jioni kwamba vishindo vile vilikuwa ni mchezo baina ya majirani.