Bamba B2312

Picha ya nebula ya Kichwa cha Farasi imekaa kwenye skrini ya kompyuta yangu tangu nianze shahada ya uzamili: wingu jekundu la gesi, na mbele yake vumbi jeusi lenye shingo ya farasi kabisa. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeiona kwanza.

Aliyeiona hakuwa akitazama angani. Williamina Fleming alizaliwa Dundee, Uskochi, mwaka 1857. Alihamia Marekani na mumewe, ambaye alimwacha huko akiwa mjamzito. Akapata kazi za ndani kwa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard. Dada wa kazi, tungesema sisi. Mwanawe alimpa jina la tajiri wake: Edward Pickering Fleming. Mwaka 1881 alianza kazi ya kudumu kituoni.

Usiku wanaume walipiga picha. Mchana wanawake walizisoma. Bamba la kioo lililopakwa kemikali liliachwa wazi kwenye darubini kwa muda mrefu, likikusanya nuru hafifu ambayo jicho haliwezi kuihifadhi. Likisafishwa, mambo hugeuka: nyota huwa vidoa vyeusi, giza huwa jeupe. Kazi ya Fleming ilikuwa kupitia vioo hivyo kimoja kimoja, kidoa kwa kidoa.

Katika bamba B2312, lililopigwa mwaka 1888, aliona pengo la nusu duara kwenye wingu, kusini mwa Alnitak, mojawapo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Orion. Akaandika ukubwa wake na mahali lilipo. Farasi hakumtaja.

Mwaka 1895 J. L. E. Dreyer alichapisha orodha ya nebula mpya. Wingu hilo limo, ila mgunduzi ameandikwa Pickering tu. Labda ilikuwa desturi ya wakati ule, kazi ya kituo kuitwa kwa jina la mkuu. Orodha iliyofuata, ya 1908, ilimtaja Fleming kwa ugunduzi wake wa baadaye, lakini huu haukurekebishwa.

Yeye mwenyewe, katika shajara ya mwaka 1900, hakulalamikia nebula. Alilalamikia mshahara: dola 1,500 kwa mwaka, ilhali baadhi ya wanaume walipata 2,500, naye ana nyumba na familia ya kutunza.